Mtani Aliyelala Chini ya Mvule

Mzee Lazaro Maganga alitembea mikono ikiwa nyuma. Sokoni, kanisani, mkutanoni, hata kwenye kijia cha utelezi cha kushukia mtoni, yeye aliifunga mgongoni, kiganja kimoja kimeshika kifundo cha mkono wa pili. Watu wa Lugombati walimwita Bwana Mkaguzi. Wageni walidhani ana maringo. Nilipofika pale mwaka 1974, mwalimu mpya mwenye sanduku la bati na cheti cha chuo, nilidhani anaumwa mgongo, nikamshauri aende zahanati.

"Siumwi," akanijibu. "Mikono hii imeua sana, Mwalimu. Naiweka mahali ambapo najua ipo."

Nikamwambia shikamoo kwa mara ya pili, naye akaitikia marahaba kwa mara ya pili, akaenda zake.

Baba yake alikuwa Mnyamwezi aliyetoka Tabora kuja kukata mkonge, mmoja wa wale walioitwa manamba. Alinuia kukaa miaka miwili akakaa maisha yake yote. Lazaro alizaliwa kambini, akakulia kambini. Meneja wa shamba, Mgiriki mmoja mrefu aliyekuwa hasemi sana, alikuwa na kabati zilizojaa vipepeo waliochomwa pini kifuani. Alimwona Lazaro akiwa kijana mwepesi wa miguu, akampa wavu na chupa ya dawa ya kulalisha wadudu. Jumamosi alimlipa kwa mche wa sabuni na sukari. Kwa kijana wa kambini kazi hiyo ilikuwa bora kuliko kukata mkonge, kwa sababu kipepeo hana miiba.

Vipepeo wengi aliwavua porini, lakini mmoja alipatikana mahali pamoja tu: msitu mdogo wa Lugombati, unaoshuka kutoka chini ya mlima mpaka kwenye kijito, upande wa kushoto wa barabara ya kutoka Kilosa kwenda Mikumi. Alikuwa mweusi kama sufuria ya kuni, mwenye madoa ya kijani kibichi kilichofifia, kama maji ya mtindi yaliyomwagiwa majani. Aliruka chinichini, kivulini. Akifika ukingoni mwa msitu, palipo na jua kali, aligeuka na kurudi. Lazaro alimfuata mara nyingi mpaka pale ukingoni, na mara zote kipepeo aligeuka.

Kisha barua ikaja kutoka Ulaya. Lazaro hakuisoma, lakini meneja alimweleza: hakuna mahali pengine kipepeo yule alipopata kuonekana, na mabwana wenye kabati kama zake wanamtaka. Waongezwe. Masika ile Lazaro alivua kila asubuhi mpaka chupa zikaisha, akaanza kutumia makopo ya maziwa. Masika iliyofuata alisimama msituni siku tatu akamwona mmoja tu. Alikuwa amekaa kwenye jani, anafungua na kufunga mabawa polepole, kama mtu anayewaza. Lazaro aliinua wavu, akaushusha.

Alirudi kwa meneja na chupa tupu akasema wamekwisha wote. Hakuwa mwongo, lakini siku ile alisema uongo, na aliniambia hajawahi kuupeleka kwa padre. Ulikuwa mwaka wa Uhuru. Desemba wenzake walipokuwa wanapepea bendera za karatasi pale Kilosa, yeye alichimba nyuma ya jiko akauzika wavu. Baadaye meneja aliondoka, sehemu ya shamba ikatelekezwa, mkonge ukaota mlingoti na kukauka. Msituni, mwaka hadi mwaka, wale weusi wakaanza kurudi, wawili, watano, kumi na mmoja. Lazaro alikwenda kuwahesabu, mikono nyuma.

Mwaka niliofika ndio mwaka watu walipohamishiwa Lugombati kutoka vitongoji vya mbali. Malori yalishusha familia na kuku na milango ya nyumba za zamani. Kijiji kilipata mwenyekiti, Ndugu Yeremia, Msagara wa palepale, mtu mpole aliyeogopa makao makuu ya wilaya kuliko simba. Kilipata pia bwana shamba, kijana anayeitwa Gabrieli, kwao kando ya ziwa huko magharibi, mchapakazi kweli. Gabrieli alikuwa na agizo la shamba la ujamaa la pamba, ekari arobaini, na mbegu zilitakiwa ziwe ardhini kabla ya mwaka kwisha. Alizunguka na fimbo yake ya kupimia, akachagua msitu. Ardhi nyeusi, kijito karibu, hakuna aliyekuwa akiulima.

Kwenye mkutano Lazaro alisimama. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akizungumza mbele za watu. Alieleza habari za kipepeo kwa utulivu, kama anayetaja mahali kisima kilipo.

"Mzee wangu," Gabrieli akasema, wala si kwa ubaya, "watu elfu mbili wamehama hapa. Mdudu ashindwe kuhama?"

Watu wakacheka.

"Sisi tuliletwa na lori, Bwana Shamba," Lazaro akajibu. "Yeye utamletea lori gani?"

Watu wakacheka zaidi, lakini sauti moja kutoka nyuma ikauliza kama si yeye aliyekuwa akimvulia mabeberu wadudu, na leo anawatunzia mali yao. Kicheko kikakatika. Mwaka ule neno kama hilo liliweza kumfuata mtu mpaka nyumbani. Lazaro aliketi. Ndugu Yeremia akaandika kwamba msitu utafyekwa kuanzia Jumatatu ya pili.

Kesho yake Lazaro alipanda lori la magogo mpaka Mikumi. Alimfahamu askari mmoja wa wanyamapori aliyewahi kumleta mtaalamu wa wadudu msituni, na ndiye huyo mtaalamu aliyempa uhakika kwamba kipepeo yule hajulikani kwingine. Askari alimkaribisha chai, akamsikiliza, akamwambia ukweli: mpaka wa hifadhi uko mbali na msitu ule, na yeye hana mamlaka hata ya kumfukuza mbuzi nje ya mpaka huo. Walipokuwa wakiagana akaongeza, "Lakini msitu huo una wenyewe. Umewauliza?"

Wenyewe walikuwa ukoo wa Bi Sikuzani. Huyu alikuwa mama wa makamo, Msagara, Mwislamu, ndiye aliyewafunda wasichana wa Lugombati walipovunja ungo. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Kati yake na Lazaro kulikuwa na utani wa kabila, maana Wasagara na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Nilikuwa kwake nikichukua maziwa Lazaro alipofika.

"Hodi kwa waoga!" akaita akiwa mbali. "Nyinyi mliokuwa mkikimbilia milimani babu zangu wakipita!"

"Karibu, mbeba mizigo," Bi Sikuzani akajibu bila kuinua macho kwenye ungo wake. "Weka mzigo wako hapo, usije ukasahau ukalala nao."

Walirushiana hivyo mpaka nikadhani hawatafika kwenye shida. Kisha Lazaro akachuchumaa, akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mababu wa ukoo wake wamezikwa mle msituni. Ni kweli, Bi Sikuzani akasema. Saba, chini ya mivule. Basi kwa nini hakusema mkutanoni?

"Niseme nini, mtani? Nikitaja makaburi wataniambia naleta mambo ya mizimu. Nitaandikwa mpinga maendeleo, na mwanangu yuko kwenye kazi ya chama huko Kilosa." Akapepeta kidogo. "Huyo mdudu wako ni yupi? Yule mweusi asiyetoka juani?"

"Huyo."

"Sisi tunamwita mwali. Hatoki nje." Akanitazama. "Mwalimu, mtoto wa kike akiwekwa ndani, ukimvunjia nyumba anakwenda wapi?"

Lazaro alikaa akikodolea macho ungo, kisha akasimama, akaaga, akaondoka kwa haraka isiyo ya kawaida yake.

Hapa inanibidi nieleze jambo kwa wasiolijua. Penye msiba, mtani ana haki ambayo ndugu hana. Kaburi likiisha kuchimbwa anaweza kushuka akalala ndani, akasema hatoki mpaka apewe chake. Waliofiwa hawaruhusiwi kumkasirikia wala kumgusa. Wanambembeleza, wanamtajia kuku, wanacheka na machozi yakiwa usoni, mpaka wakubaliane. Anayemvuta mtani kwa nguvu amejitafutia balaa, na hata kama haamini balaa, aibu anaiamini.

Jumatatu ile kijiji kizima kilikwenda msituni na mashoka. Mvule wa kwanza ulikuwa mkubwa mno kwa shoka, kwa hiyo Jumamosi vijana walikuwa wamechimba handaki refu kando ya shina ili mizizi ichomwe moto. Kuni zilikwisha kukusanywa. Tulipofika tulimkuta Lazaro Maganga ndani ya handaki, amelala chali, amevaa shati lake la kanisani, macho yamefumbwa.

Nilidhani amekufa. Nadhani wengi tulidhani hivyo. Kisha akasema, bila kufumbua macho:

"Wasagara, mnazika nani leo bila kumwita mtani?"

Kicheko kilianzia kwa akina mama, kikapanda kama moto wa nyasi. Gabrieli alikuja mbio. "Mzee, toka humo. Mtoeni!" Akamtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuna aliyesogea. Hakuwa mtani wa mtu yeyote pale, na hapakuwa na kitabu cha chuoni kwao kilichomwandaa kwa siku ile. Nilimhurumia kidogo.

Bi Sikuzani alipita katikati ya watu, akasimama ukingoni mwa shimo, mikono kiunoni. Nikaona kwamba ameelewa kabla yetu sote.

"Wewe mpagazi! Toka kaburini mwetu!"

"Sitoki. Nipe changu."

"Tutakupa kuku."

"Kuku nitamla leo, kesho hayupo."

"Mbuzi basi."

"Meno yangu mabovu, mama. Utaniua mara ya pili."

"Unataka nini, mzoga wewe?"

"Nimejaribu kitanda hiki," Lazaro akasema, "kimenikaa. Nipeni nilipolala. Hapa kichwani, mpaka pale miguu yangu inapofika."

"Na miguu yako inafika wapi?"

"Kijitoni."

"Kijitoni!"

"Mnyamwezi ana miguu mirefu. Baba yangu alitembea nayo kutoka Tabora."

Hata Ndugu Yeremia alicheka, na akiisha kuanza hakuweza kujizuia, akafuta machozi kwa shati. Tangu kichwa cha Lazaro mpaka kijitoni ndio msitu wenyewe. Kila mtu alijua anaombwa nini, lakini hapakuwa na aliyetaja mizimu, wala mabeberu, wala maendeleo. Mwenyekiti alimgeukia Gabrieli akasema kwa sauti ya mtu aliyepata pa kutokea, "Ndugu Bwana Shamba, mimi ni Msagara. Mtani akilala, hupewa. Agizo la wilaya linataka ekari arobaini, halikusema zipi."

"Zipi nyingine zipo?" Gabrieli akauliza. Alikuwa kijana, na agizo lilikuwa na jina lake chini.

Ndipo Lazaro akafumbua macho na kuketi. "Lipo shamba la mkonge lililotelekezwa. Ardhi ile ile nyeusi."

"Kung'oa visiki vya mkonge? Nani ataweza kabla ya mvua?"

"Mimi nimezaliwa ndani yake. Nipe watu ishirini, nitawaonyesha."

Akatoka shimoni, akajipangusa mavumbi. Na aliwaonyesha. Wiki tisa alikuwa kule kwenye jua, analala kwenye kibanda cha mabati, akifundisha namna ya kukata mizizi ya pembeni kwanza ndipo kisiki kisukumwe. Mikono yake iliyokaa nyuma miaka kumi na mitatu ilikuja mbele, ikajaa malengelenge na miiba. Gabrieli alifanya kazi naye bega kwa bega. Pamba ilipandwa siku nne kabla ya mwisho wa mwaka, na bwana shamba yule aliondoka Lugombati akimwita Lazaro baba.

Ningependa kuishia hapo. Lakini kosa lililofuata lilifanywa na watu wema kwa moyo mweupe, na makosa ya namna hiyo ndiyo nimeyafikiria zaidi maishani.

Msitu sasa ulikuwa umetolewa kwa njia ya kaburi, mbele ya watu wote. Akina mama wakauchukua kuwa hivyo. Agosti iliyofuata, mwezi wa Shaabani, waumini walipokwenda kusafisha makaburi ya ndugu zao kabla ya mfungo, Bi Sikuzani aliwakusanya wenzake wakaenda pia msituni. Walifanya kazi siku tatu wakiimba. Wakafagia majani makavu, wakakata vichaka, wakang'oa kila kitu kilichotambaa juu ya miti, wakakirundika na kukichoma. Lazaro alikuwa amekwenda Chanzuru kwenye arusi ya binti wa rafiki yake. Aliporudi Bi Sikuzani alimshika mkono akampeleka akaone. Nilikuwa nao.

Msitu ulikuwa safi kama uwanja wa nyumba. Ungeweza kuanika mpunga pale chini.

"Mtani," Bi Sikuzani akasema kwa fahari, "umeona kaburi lako?"

Lazaro alitazama mashina yaliyo wazi. Mmea ule unaotambaa, wenye majani membamba kama ulimi wa mbuzi, ambao wengine tuliuona gugu, ndio pekee uliobeba mayai ya mwali na kulisha viwavi wake. Alikuwa hajawahi kumwambia yeyote. Miaka yote aliwahesabu peke yake, na siri aliyoitunza ili wavuaji wasiijue ikawa siri pia kwa waliokuwa upande wake.

"Mmefagia vizuri," akasema. "Asante, mama."

Alikwenda kuketi kwenye mzizi wa mvule. Nilimfuata. Aliniambia, "Kosa langu, Mwalimu. Nililala nikadai, nikasahau kusema ninadai nini."

Asubuhi alikuwa mlangoni kwa Bi Sikuzani kabla ya chai. Sikumwona akiwa na huzuni. Alisimama wima kama mzee wa baraza.

"Hodi kwa muuaji!"

"Nimekuua lini, mbeba mizigo?"

"Jana. Umefagia wanawali wangu wote na watoto wao." Akamweleza, jani kwa jani. Bi Sikuzani alishika mdomo. Machozi yakamlenga, lakini Lazaro hakumpa nafasi ya kulia. "Mtani akikosa hutozwa. Faini yako, utaurudisha mmea ule wote, wewe na jeshi lako la mafagio."

"Tutautoa wapi, na tumeuchoma?"

Tulikwenda kutafuta, akina mama kama thelathini. Tulitafuta mpaka saa saba. Aliyeuona ni Generoza, mke wa mwenyekiti. Handaki la Lazaro lilikuwa bado wazi, na hakuna mwanamke aliyethubutu kushuka ndani yake na fagio, maana kaburi lililo wazi halifagiliwi. Humo ndani, kwenye udongo uliotifuliwa, ule mmea ulikuwa umeota mpaka ukajaa. Chini ya jani moja kulikuwa na viwavi watatu. Lazaro alipiga magoti, akawaangalia, akakohoa, akasema tukate vipando upande wa pili na tusimguse hata kiwavi mmoja.

Tulipanda mpaka vuli. Akina mama walibeba maji kutoka kijitoni kwa ndoo. Masika ya 1976 alionekana mwali mmoja. Mwaka uliofuata sita. Mwaka niliohamishiwa shule ya Kilosa walikuwa thelathini na wanne, na waliowahesabu walikuwa akina Bi Sikuzani, wakibishana kwa sauti kubwa kama yule wa mwisho alihesabiwa mara mbili. Mikutano ya kijiji ilipitisha kwamba msitu haufyekwi, hauchomwi, na haufagiliwi. Neno hili la mwisho huwashangaza wageni, na hakuna anayejisumbua kuwaeleza.

Lazaro alipoanza kuugua kifua, binti yake Teresia alimleta kwake Mabwerebwere, karibu na shule yangu pale Kilosa. Nilipita kumwona kila nilipotoka shule. Alikuwa amekonda, lakini hakuwa na hofu yoyote niliyoweza kuiona. Mimi ndiye niliyekuwa nayo. Machi ile, mvua zilipoanza, nilimwambia nitakwenda Lugombati Jumamosi nikawaangalie vipepeo kwa niaba yake, kisha nikakiri kwamba naogopa kwenda. Je, nikikuta hakuna hata mmoja?

Alinitazama kama anavyotazamwa mwanafunzi mzuri aliyekosea hesabu rahisi.

"Nenda kuanzia saa nne, jua likishapenya majani," akasema. "Ukiwahi utasimama bure, utarudi hapa na uso huo wa matanga kuniambia wamekwisha, na mimi sitakusikiliza."